Visiwa vya mikasa: nawezaje kuipa bahari kazi mezani?

Mwana wa Raskazone (Tanga)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Sisi ni kundi la watu sita hapa Tanga, na kwa karibu mwaka mzima tumekuwa tukikutana kila Jumamosi baada ya sala ya Isha kucheza mchezo wa fantasia wa mezani, yaani ule ambao kila mchezaji humwongoza mhusika wake, msimulizi huubeba ulimwengu wote uliobaki, na jambo lenye mashaka huamuliwa kwa kurusha dadu. Msimulizi ni mimi. Tunacheza kwa Kiswahili kitupu, kwa dadu za seti moja tunazopokezana.

Mwezi uliopita niliwapeleka wahusika kisiwani kwa mara ya kwanza, nami nikashindwa. Walishuka chomboni, wakapita mwituni, wakapigana na mijusi wakubwa, wakaingia pangoni, wakachukua sanduku la dhahabu na kuondoka. Kila kitu kilikwenda kama kawaida, lakini mchezaji mmoja ambaye baba yake ni mvuvi wa Sahare aliniuliza swali ambalo sijalisahau: mbona kisiwa hiki hakina maji kujaa wala kupwa? Nilipofikiri niliona kwamba ningeweza kukichukua kisiwa kile chote na kukiweka katikati ya Dodoma, na mkasa usingebadilika hata kidogo. Ni aibu kwa mtu ambaye akienda ufukweni anakiona kisiwa cha Toten kikiwa mbele yake ghubani.

Sasa nataka kuandaa kundi la visiwa vitano vya kuchezwa kwa vikao vinane au kumi, kwa wahusika wa daraja (yaani kiwango cha uwezo) la tatu hadi la tano walio na chombo chao wenyewe. Nimefikiria magofu yenye makaburi ya nguzo kama yale ya Tongoni, ambamo mifupa itafufuka kulinda hazina, na mapango ya mawe ya chokaa kama ya Amboni, kwa kuwa tangu utotoni tumesikia hadithi kwamba njia zake zinafika Mombasa na hata Kilimanjaro. Ninachokikosa ni namna ya kuifanya bahari iwalazimishe wachezaji kuamua mambo. Naomba mawazo yenu.

Fundi Mashua (Tanga)

Waalaykum salaam, mwanangu. Mchezo huu nimeujua kupitia vijana wangu wa nyumbani, ila bahari naijua kidogo, maana nimekulia ufukweni miongoni mwa mafundi wa vyombo. Mchezaji wako amekuonyesha mahali penyewe pa kuanzia. Kabla ya kufikiria dude lolote la kutisha, amua maji yanafanya nini.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa Tanga tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa siku hizo huzidi mita tatu. Katikati yake huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayarudi sana. Tena siku za bamvua maji hufika mwisho wa kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na ndiyo sababu akina mama wanaochokoa pweza wanajua wataondoka nyumbani saa ngapi bila kumuuliza mtu. Kalenda hiyo inatosha kuendesha mkasa mzima.

Basi weka mlango wa gofu lako nje kabisa, kwenye ukingo wa mwamba, mahali ambapo huonekana kwa bamvua tu. Wahusika wakifika siku ya maji mafu watakiona kivuli cha mlango chini ya maji na hawatakuwa na la kufanya ila kungoja wiki nzima, na katika wiki hiyo kisiwa ndipo kinapata nafasi ya kuwa kisiwa: chakula kinapungua, kundi jingine linatweka tanga upeoni, mgonjwa anazidiwa, kisima kinaanza kuonja chumvi. Hilo la kisima usiliache. Kwenye visiwa vya matumbawe maji matamu hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, na mkiteka kwa pupa chumvi hupanda. Watu kumi wanaweza kuishi pale wanapokufa kiu watu 40.

Siku ya bamvua ikifika, mlango ukiwa wazi, chukua kete nne za bao uziweke katikati ya meza mbele ya macho ya wote, kila kete ikiwa nusu saa. Kuvunja kufuli ni kete moja, kusoma maandishi ya ukutani ni kete moja, kubishana sana ni kete moja vilevile. Kete zikiisha usiwazamishe hapo hapo, bali maji yafike magotini, kisha kiunoni, kisha kifuani, na kwa kila hatua mwenye mavazi ya chuma arushe dadu ya pande 20 kwa ugumu unaopanda. Utaona wachezaji wanavyozitazama kete zile kuliko wanavyokutazama wewe.

Kuhusu chombo, wape uchaguzi kati ya jahazi na ngalawa. Jahazi hubeba watu na mizigo lakini lazima litafute mlango wa mwamba ili liingie ndani, ilhali ngalawa hupita juu ya mwamba maji yakijaa, ila haibebi sanduku la dhahabu na watu sita. Na upepo usiwe pambo la masimulizi. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuwasukuma watu kusini, kisha Kusi huwarudisha. Mhusika anayefika kisiwa cha mbali mwishoni mwa Kaskazi ajue kwamba anaweza kukaa huko mpaka upepo ugeuke. Mabaharia wa zamani walioa, walizaa na walifilisika wakingoja upepo, na hapo mna mikasa mingi kuliko pangoni.

Wazo la mwisho, ambalo mimi ningelipenda sana. Hapo kale pwani hii ilikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Wasafiri wa karne za nyuma walieneza hadithi kwamba vyombo vya namna hiyo vilishonwa kwa sababu baharini kuna miamba ya sumaku inayong'oa misumari. Kwetu sisi mafundi hiyo ni hadithi tu, lakini katika ulimwengu wako iwe kweli. Kiwepo kisiwa ambacho jahazi la misumari haliwezi kukikaribia, ambako panga huchopoka alani na ngao humvuta mwenye kuibeba. Wahusika watalazimika kumtafuta mzee wa mwisho anayejua kushona mtepe, na kabla ya hapo kumshawishi awashonee.

Mwanakaole (Bagamoyo)

Ndugu Mwana wa Raskazone, nimefurahi kukuta mtu anayeujenga mchezo huu kwa mawe ya kwetu. Nina jambo moja la kukuomba, nalo nalisema kwa moyo mweupe: usifufue mifupa ya makaburi ya nguzo.

Sikatazi woga wala wafu katika michezo. Lakini mimi naishi karibu na magofu ya Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo, ambako kuna msikiti wa karne ya 13, na hadi leo watu huja kwenye makaburi yale kuomba dua. Tongoni kuna makaburi yapatayo 40, na huenda mezani kwako ameketi mtu ambaye wazee wake wana nasaba na waliozikwa huko. Katika michezo iliyoandikwa mbali, kaburi ni ghala la vitu vya kuchukua na maiti ni adui wa kukatwa, kwa sababu walioiandika walikuwa wakizungumzia makaburi ya kubuni. Ukilileta jambo hilo pwani hii bila kulibadilisha, unamfundisha mchezaji wako kuwaibia babu zake, na hata kama hatalisema, halitampendeza.

Libadilishe, nawe utapata mkasa ulio bora zaidi. Unajua kwamba makaburi ya nguzo ya pwani yalipambwa kwa mabakuli na sahani za kaure kutoka China, zilizopachikwa kwenye chokaa, na kwamba nyingi ziling'olewa zikaacha mashimo matupu yenye umbo lake. Anza hapo. Kisiwani kuna nguzo saba, kila moja ina shimo, na tangu bakuli la kwanza liibwe, kila mwaka kijiji kimepoteza kitu kimoja: kwanza samaki wa upande wa mashariki, kisha sauti ya muadhini, kisha kumbukumbu za watoto wao. Wahusika wameajiriwa kuyarudisha mabakuli. Moja liko kwa tajiri anayelitumia kulia mboga bila kujua ni nini, jingine limevunjwa vipande vitatu, jingine limo ndani ya meli iliyozama, na la saba, hili nakuachia, lilichukuliwa na babu wa mmoja wa wahusika. Hazina inarudi badala ya kuondoka, kwa hiyo chombo chao kinazidi kuwa chepesi kadiri wanavyofanikiwa. Wachezaji wangu walicheza kitu cha aina hiyo na hawakutaka kuondoka mezani mpaka saa nane usiku.

Kaole ina funzo jingine kwa msimulizi. Mji ule ulikuwa bandari, lakini matope na mikoko viliziba njia ya vyombo, na watu pamoja na biashara wakahamia Bagamoyo. Hakuna jeshi lililouvunja. Hebu wape wachezaji wako mji ambao bahari inauacha, ambao kila kizazi kinatembea hatua nyingi zaidi matopeni kuufikia ufuko, halafu waulizwe na baraza la wazee: tuukate mkoko, au tuhame? Mkoko ukikatwa mawimbi yataula ufuko. Ukiachwa, jahazi haliingii. Hakuna dadu itakayowajibu, na hapo ndipo utawasikia wachezaji wakijadiliana kama watu wazima.

Neno dogo kuhusu Bagamoyo yenyewe. Misafara ya pembe na ya watumwa iliishia hapa. Ukitaka kuuingiza utumwa katika visiwa vyako, kwanza zungumza na wachezaji wote kabla ya kikao, na usimfanye mtumwa kuwa bidhaa inayoandikwa kwenye karatasi ya mhusika.

Mrusha Dadu (Tanga)

Nakubaliana na Mwanakaole kuhusu makaburi, nami nitaongeza viumbe, kwa sababu naona hakuna aliyevigusa. Kabla ya hapo nina swali kwa Mzee Fundi, kwa heshima zote. Mbinu ya kete nimeipenda, lakini je, wahusika wenye sihiri ya kupumua chini ya maji si wataupita mlango huo siku yoyote? Karibu kila mchezo wa fantasia una sihiri ya namna hiyo, na wahusika wa daraja la tano hupata nyingine za kuruka. Nimeona visiwa vingi vizuri vikiharibika kwa sihiri moja.

Kuhusu viumbe, ushauri wangu ni kwamba usichukue simba na kumpa mapezi. Pwani imejaa viumbe ambavyo wachezaji wako tayari wanaviogopa au wanavipenda. Chunusi, yule anayewavuta waogaji, ni adui bora kwa sababu upanga hauna kazi kwake. Mimi humpa kanuni moja: humshika yule aliye peke yake, na humwachia mara tu mwenzake anapomshika mkono. Ghafla wachezaji hawatawanyiki tena. Kaa wa nazi, ambaye yuko kisiwani Chumbe kule Zanzibar, anafika kilo nne, hupanda miti na anajulikana kwa kukokota vitu vya watu. Mwache kama alivyo, aibe ufunguo usiku, na wahusika watafute tundu lake kati ya matundu mia moja. Nguva nisingemfanya adui hata kidogo.

Lakini mwenye enzi wa visiwa hivyo, kwa maoni yangu, awe silikanti. Wanasayansi walidhani samaki huyu alitoweka pamoja na dinosauri yapata miaka milioni 66 iliyopita, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Na hapa kwetu wavuvi wa jarife, ule wavu wa kunasia papa, wamekuwa wakimnasa tangu miaka ya 2000, hata ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Mchana hujificha kwenye mapango ya kilindini, zaidi ya mita 100 chini, na usiku hutoka kuwinda. Kiumbe aliyekuwepo kabla ya visiwa vyenyewe anakumbuka kila kitu. Mfanye azungumze polepole sana, ajibu swali moja kwa usiku mmoja, na asiwe na haja ya dhahabu. Anachotaka ni habari za juu: mvua ina harufu gani, ndege husikika vipi. Mchezaji atakayejua kusimulia ndiye atakayejibiwa, na dadu zikae pembeni kwa muda.

Na badala ya maharamia wenye kasuku begani, tumia jambo lililotokea hapa hapa. Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka India mwaka 1499, mabaharia wake walikuwa wamekufa kwa wingi kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, hivyo wakaichoma moto São Rafael karibu na Mtangata, yaani pande za Tongoni. Kundi pinzani la wageni wenye silaha nzuri, ufizi unaotoka damu na meli moja zaidi ya wanayoweza kuiendesha ni hatari kuliko haramia, kwa kuwa watafanya lolote wapate watu wa kuvuta kamba. Na wahusika wanaojua kwamba machungwa na ndimu huponya ugonjwa ule wana kitu cha kujadiliana nacho.

Fundi Mashua (Tanga)

Mwanangu Mrusha Dadu, umeuliza vema, na vijana wangu waliniuliza hivyo hivyo. Usiikataze sihiri, kwa maana mchezaji aliihangaikia. Ipe mpaka: idumu kuanzia maji yanapoanza kujaa mpaka yanapoanza kupwa, yaani saa sita na dakika chache. Halafu kumbuka kwamba maji yanapojaa na kupwa hupita kwa nguvu katika milango ya mwamba, na mtu anayepumua vizuri chini ya maji bado huchukuliwa na mkondo kama jani. Tena mlango ule ufunguke kwa hewa tu. Ukiufungua ungali chini ya maji, bahari inaingia nawe, na karatasi, rangi za ukutani na watu waliolala humo vyote vinaharibika. Wakiruka, waruke, lakini kwa upepo wa Kusi, na kila saa warushe dadu kujua wametupwa umbali gani.

Mwana wa Raskazone (Tanga)

Shikamoo Mzee Fundi, na shukrani kwenu nyote. Nimeyafuta makaburi yenye mifupa, na Mwanakaole, nakuomba radhi kwa kutolifikiria hilo mwenyewe, kwani mchezaji wangu mmoja kwao ni Tongoni kweli. Mabakuli saba ndiyo yatakayokuwa uti wa mkasa. Mji unaoachwa na bahari ni kisiwa cha kwanza, kisiwa cha sumaku ni cha tatu, mapango yanayounganisha visiwa viwili chini kwa chini yatakuwa njia ya wale wasiotaka kungoja upepo, na mwenye kumbukumbu wa kilindini atajua mabakuli yalipo. Kete za bao nimekwisha kuziazima kwa babu.

Kimebaki kisiwa cha tano, ambako nguzo zenyewe zimesimama. Sitaki kiishe kwa vita na joka. Nataka wachezaji wahisi kwamba wangeweza kuchelewa kweli, lakini sijui nifanyeje bila kuwaonea.

Bint Pangani (Pangani)

Kaka, kisiwa chako cha tano kipo huku kwetu. Maziwe, kilicho baharini mbele ya Pangani, kilikuwa kisiwa cha kweli chenye msitu wa mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kutaga huko kwa wingi. Bahari ikaanza kuula mchanga, miti ikaanguka mmoja baada ya mwingine, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa tena na msitu. Leo ni fungu jeupe la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Wazee waliowahi kukaa kivulini pale wapo, nao ukiwauliza watakuonyesha kwa kidole mahali ambapo hakuna kitu.

Kwa hiyo kisiwa cha nguzo kichore mapema, kikao cha kwanza kabisa, na ukiweke juu ya meza kikiwa kamili: mivinje 20, kijiji, kisima, nguzo saba. Kichore kwa penseli. Kila kikao kinapomalizika, futa mivinje miwili mbele yao bila kusema neno, na ikiwa wiki hiyo walingoja bamvua iliyowapita, futa mitatu. Hapo huwaonei, kwa sababu wanaona kila kinachoondoka na wanajua ni kwa nini. Miti ikiisha, anza kufuta nyumba za ukingoni, na mwenye nyumba ya kwanza awe mtu waliyekula kwake. Nguzo usizifute kamwe. Wakichelewa sana, wazikute zimesimama baharini peke yake, wafike kwa ngalawa maji yakiwa yamejaa, na wayapachike mabakuli kwa kuinama kutoka ukingoni mwa chombo huku mmoja wao akiwa ameshika nguzo ili wasichukuliwe.

Na wakiwahi, usiuongeze msitu kwa sihiri. Mwambie tu kila mchezaji achukue penseli, achore mvinje mmoja mchanga mahali anapopataka, kisha umwachie kasa mmoja apande ufukweni usiku huo.